Fuata Maji: Kutoka Magofu ya Engaruka hadi Chemchemi za Natron

Magofu ya utotoni mwangu ni ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga: msikiti wa mawe ya matumbawe uliobakiza kuta, na makaburi ya nguzo yaliyosimama katikati ya mibuyu. Maji moto ya utotoni mwangu ni ya Amboni, upande wa kaskazini, yenye harufu kali ya kibiriti, walikokuwa wakipelekwa wenye upele na wenye maumivu ya viungo. Mtu wa pwani ukimtajia magofu, picha inayomjia ni hiyo: mihrabu, kaburi la mtu mkubwa, na bahari mbele yake. Kilwa, Kaole, Gedi na Tongoni zote zilijengwa na watu walioelekeza macho baharini.

Engaruka haina bahari. Mawe yake ni meusi, ya volkano, yamepangwa moja juu ya jingine bila chokaa wala udongo wa kuyashika. Hakuna jina la sultani, hakuna maandishi, hakuna sarafu za kumwambia mtu nani alitawala mwaka gani. Ni mashamba na viwanja vya nyumba za wakulima, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Monduli. Nilikwenda huko na binamu yangu, kila mtu na shanta lake mgongoni, tukitokea Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron, kisha tukarudi kumalizia chemchemi ya Chemka, wilayani Hai. Njia hiyo hupitwa sana na magari ya watalii yaliyofungwa vioo. Sisi tuliipita kwa bodaboda, kwa lifti za malori na kwa miguu, na ninayaandika haya kwa ajili ya mtu anayefikiria kuipita vivyo hivyo.

Jambo moja lilinikaa kuliko yote. Ukifika mahali kule, uliza maji yanatoka wapi, yalikuwa yakipita wapi, na leo yako mikononi mwa nani. Ukishajua hayo utaelewa kwa nini mawe yamepangwa yalivyopangwa, kwa nini chemchemi moja ni ya kuogea na nyingine ni ya kutazama tu, na hata kwa nini mwenyeji amekuchangamkia au amekukunjia uso.

Somo linaanzia Mto wa Mbu kwenyewe, na wengi hulipita bila kuliona kwa kuwa wanaharakia Ngorongoro. Ukishuka kwenye Coaster ya kutoka Arusha, usiishie sokoni kwenye ndizi nyekundu. Tembea kidogo nyuma ya nyumba, uone mpunga. Mji ule umejaa watu wa makabila ya kila pembe ya nchi, na kilichowaleta ni mito inayoteremka kutoka kwenye ule ukuta wa mlima. Mifereji inapita uani kwa watu, chini ya migomba, hadi majarubani. Mama aliyetuuzia ndizi alituambia kwamba mwenye shamba karibu na kichwa cha mfereji ana usingizi mzuri kuliko mwenye shamba mkiani. Maneno hayo nilikuja kuyakumbuka sana mbele ya safari.

Hapo ndipo pa kununua mahitaji. Sisi tulichukua madumu ya maji, unga, maharage, chumvi, na juu ya hayo majani ya chai na sukari za kupeleka kwa wenyeji, kwa sababu huwezi kuingia kwenye boma la watu mikono mitupu. Kuhusu maji sina maneno mengi: chukua zaidi ya unavyodhani yatatosha, na usiyaweke yote kwenye chombo kimoja. Dumu likipasuka juu ya bodaboda katikati ya Selela na Engaruka, hakuna duka la kukuokoa. Leso nyepesi ya kujifunga puani nayo ni lazima. Vumbi la barabara ile ni majivu ya volkano, laini kabisa, na linaingia hadi kwenye mswaki uliofungiwa ndani ya mfuko.

Barabara inakwenda kaskazini, ukuta wa Bonde la Ufa ukiwa mkono wa kushoto muda wote. Kulia ni tambarare kavu, migunga iliyotawanyika, na mbali kidogo Mlima Kitumbeine. Unaweza kusafiri muda mrefu bila kuona jani bichi, halafu ghafla mbele yako kunatokea ukanda wa kijani: mahindi, migomba, miti mirefu. Ndio Engaruka. Mto umetoka mlimani.

Tulifika jioni kwa makusudi. Kule hakutembeleki saa sita mchana, mawe yanatoa joto kutoka chini na jua linapiga kutoka juu. Tulikwenda kwanza ofisi ya kijiji, tukalipa ada, tukapewa risiti na kijana wa kutuongoza, na alfajiri ya kesho yake tukaanza kupanda. Nasisitiza suala la mwongoza, kwa sababu kuna wasafiri wanaojivunia kwamba wao hawahitaji mtu. Engaruka bila mwongoza ni mawe tu. Nimeyaona mwenyewe: nilisimama juu ya kitu, nikidhani nimesimama mlimani, kijana akaniambia kwa upole, "Dada, hapo ulipo ni uani kwa mtu."

Na kweli. Mteremko mzima umechongwa kwa ngazi. Kila ngazi ni kiwanja kidogo kilichosawazishwa, kimezuiwa mbele na ukuta wa mawe, na nyuma kimeingia kwenye ubavu wa mlima. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba. Juu yake kuna kiwanja kingine, na kingine, na vijia vyembamba kati yake. Vijiji saba vya namna hiyo vimetambuliwa, vimejibanza kwenye miteremko, na tambarare iliyo chini imeachwa yote kwa ajili ya kilimo. Walijenga pasipolimika wakalima panapolimika. Sisi leo mijini kwetu tunafanya kinyume chake, na nilipokuwa pale juu jambo hilo liliniuma.

Mashamba ndiyo makubwa. Eneo lililolimwa linakaribia hekta 2,000, na inakadiriwa kuwa lilikuwa hai kati ya karne ya 15 na ya 18. Mto ulipotoka kwenye korongo, kabla haujatawanyika tambarare, waliukinga kwa mawe na kuyageuza maji yafuate mfereji kwenye ubavu wa mlima, kisha wakayagawa kwa vijifereji vidogo. Ukitazama kutoka juu, mashamba yamepangwa kama mashimo ya bao: madogo, yamepakana, na maji yakitoka shimo hili yanaingia lile.

Kijana wetu alichuchumaa kwenye mfereji mmoja uliokauka. Nilikuwa nimeupita bila kuuona, safu mbili tu za mawe na nafasi ya kama hatua moja katikati. Alimimina maji kwenye kifuniko cha chupa, akayamwaga juu ya jiwe bapa lililokuwa sakafuni mwa mfereji. Maji yalitulia kidogo, yakajikusanya, halafu yakaanza kutambaa polepole kuelekea mashambani. Kwa macho jiwe lile lilikuwa sawasawa. Mtu aliyeliweka hakuwa na kipimo cha fundi wa leo, na bado alilipa mwinamo mdogo kiasi kwamba maji yatembee bila kuchimba udongo. Nilikaa pale nikaomba arudie. Akarudia, na maji yakaenda njia ileile.

Yapo yaliyoandikwa juu ya mahali hapa, na yanafaa kusomwa kabla ya kwenda. Mtafiti Mjerumani Hans Reck alifika mwaka 1913. Louis Leakey alikuja 1935, akakadiria kwamba waliishi hapo watu kati ya 30,000 na 40,000, hesabu ambayo waliomfuata waliipunguza sana. Hamo Sassoon alichimba katika miaka ya 1960, na baada yake John Sutton. Katika machimbo hayo zilipatikana punje za mtama zilizoungua, kwa hiyo chakula chao tunakijua. Kuna pia duara kubwa za mawe, na wapo wataalamu wanaoziona kuwa mazizi ambamo ng'ombe walilishwa ndani ili samadi ipelekwe shambani. Mtafiti aliyenigusa zaidi ni Daryl Stump, aliyefanya kazi huko katika karne hii. Yeye alionyesha kwamba sehemu kubwa ya mashamba yale haikuwa na udongo wa kutosha tangu mwanzo. Wakulima walipanga mistari ya mawe kuzuia maji ya mto yenye tope, tope likatulia nyuma ya mawe, mwaka hadi mwaka, mpaka likawa shamba. Maana yake walivuna ardhi kabla ya kuvuna mtama. Hata udongo wao uliletwa na maji.

Walikuwa akina nani? Wapo wanaowahusisha na Wabatemi, ambao wengi tunawaita Wasonjo, na wapo wanaowataja Wairaqw. Waliondoka kwa nini? Wengine wanasema maji yalipungua, wengine wanasema hali ya eneo zima ilibadilika Wamaasai walipoingia. Mimi ninachoweza kusema ni nilichokiona. Mto Engaruka unatiririka mwaka mzima, lakini makorongo jirani, ambayo nayo yana alama za mifereji ya kale, tuliyakuta makavu, mchanga mtupu. Mifereji yenye mawe yaliyopangwa kwa ustadi ule haikujengwa kwa ajili ya kungoja mvua. Ilijengwa na watu waliokuwa na hakika kwamba maji yatakuja kesho.

Jioni tulipiga hema kwenye uwanja wa familia moja, kwa ruhusa ya mzee mwenye boma. Tulimsalimia, "Shikamoo mzee," akaitikia, akatuuliza tumetoka wapi, kama wazazi wetu ni wazima, na kama huko Tanga kuna ng'ombe. Baada ya chai binamu yangu aliuliza kama tunaweza kuoga kwenye mfereji uliopita kando ya shamba. Mzee hakujibu haraka. Alisema, "Mwanangu, mgeni akija tunampa maji. Hatumpi mfereji." Halafu akamwita binti yake atuonyeshe mahali, chini kabisa, mbele ya sehemu wanapochota watu na mbele ya sehemu wanapokunywa mifugo. Njiani binti alitueleza utaratibu: kuna zamu, kuna watu wanaosimamia zamu, na kuna faini kwa anayefungulia maji nje ya saa zake. Tuliporudi giza lilikuwa limeingia, na kwenye mashamba ya mbali kulikuwa na tochi zinatembea. Walikuwa wenye zamu ya usiku, na majembe yao begani, wanayasubiri maji.

Tangu siku hiyo sioni tena magofu ya Engaruka kama kitu kilichokufa. Kazi ileile inafanywa, mita chache kutoka kwenye mawe ya wakale, kwa mto uleule. Ndiyo maana inaniuma kuona mtu anapanda juu ya kuta kupigiwa picha. Kuta zisizo na chokaa hushikiliwa na uzito na mpangilio, ukilegeza jiwe moja unafungua njia kwa mvua ijayo. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 na jina lao linajulikana duniani. Engaruka haina heshima hiyo, mbuzi hupita, mkulima huokota jiwe la kuzuia mfereji wake wa leo, naye simlaumu. Mgeni, ambaye hana shamba la kulisha, hana sababu ya kugusa chochote.

Kutoka Engaruka kwenda Engare Sero, kijiji cha karibu na Ziwa Natron, nchi inabadilika kuwa ya moto kabisa. Tulipata lifti ya lori hadi karibu na Shimo la Mungu, kreta iliyodidimia ghafla katikati ya tambarare, ambayo usipoambiwa utaijua ukishafika ukingoni. Tukaendelea kwa miguu hadi bodaboda ilipotukuta. Mbele yetu muda wote ulikuwa Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, mlima ambao Wamaasai huupandia maombi. Ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutema lava ya kabonati za magadi katika zama zetu. Lava hiyo hutoka nyeusi, nyepesi, ikiwa na joto la chini mno ukilinganisha na lava za kawaida, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mlipuko mkubwa wa karibuni ulikuwa wa 2007 na 2008. Ukiuelewa mlima huu umelielewa ziwa, kwa sababu magadi yanayoteremka kwa mvua na yanayopanda kwa chemchemi ndiyo yanayolifanya Natron liwe Natron.

Ziwa lenyewe liko chini sana, karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na kina chake hakifiki mita 3. Maji yanaingia kutoka mto Ewaso Ng'iro unaotoka Kenya na kutoka chemchemi za moto za kandokando. Hayatoki kwenda popote. Jua linayanyonya, magadi yanabaki. Kiwango cha pH, kipimo kinachoonyesha ukali wa magadi majini, hupita 10. Heroe wadogo, wale ndege wa waridi, wamelichagua kwa sababu hiyohiyo. Kunguru na fisi hawavuki uwanda ule wa tope la magadi kwenda kula mayai, na inakadiriwa kuwa robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Usiwasogelee. Watazame kwa mbali, huku miguu yako ikiwa juu ya ardhi ngumu. Ganda la magadi linaweza kuonekana imara na chini yake kuna tope linalochoma.

Sasa maji moto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanakuja na picha za mabwawa ya hotelini vichwani mwao.

Bonde la Ufa ni mahali ambapo ganda la dunia linavutika na kupasuka. Maji ya mvua ya milimani huzama kwenye mipasuko, hukutana na mawe yenye joto huko chini, halafu hupanda tena yakiwa yamebeba chumvi na magadi ya kila aina yaliyoyeyuka njiani. Kwa hiyo kila chemchemi ina tabia yake, na hata chemchemi moja hubadilika kutoka jicho hadi mita chache mbele. Zile za ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara, kwa mfano, ni za kutazama tu. Huko mtu hatumbukizi kidole.

Natron tuliongozwa na mama mmoja wa Kimaasai ambaye amekulia hapo. Tulivuka uwanda uliopasukapasuka, na kwenye ukingo wa mawe meusi ya lava akatuonyesha maji yakitoka chini ya jiwe, safi kabisa, bila povu wala kelele. Tulivutwa kuyashika. Akatuzuia kwa mkono. Alichuchumaa, akaweka kwanza mgongo wa mkono wake juu ya maji bila kuyagusa, akasikia joto, kisha akashuka nasi hatua kadhaa kufuata kijito mpaka mahali palipofaa, akagusa, akatikisa kichwa, akashuka tena. Mahali pa tatu akasema, "Hapa."

Pale pale miguuni petu kulikuwa na samaki. Perege wadogo, wa urefu wa kidole, wa jamii inayopatikana kwenye maziwa ya magadi ya eneo hili peke yake. Walikuwa wamejipanga kwenye mstari ambao maji ya moto yanakutana na yaliyopoa, wanakwangua ukoga wa kijani kwenye mawe. Mmoja akisogea kidogo upande wa jicho la chemchemi anarudi kwa kasi. Nilitazama mstari ule kwa muda mrefu. Samaki wale wanaujua mpaka wao kwa usahihi, na mama yule alikuwa akitupeleka kuusoma mpaka uleule.

Tuliweka miguu tu, na huo ndio ushauri wangu. Ukiwa na kidonda, hata mchubuko wa malapa, usiingie. Maji ya magadi huteleza kwenye ngozi na mtu hufikiri amelainika, kumbe magadi yanakula mafuta ya ngozi. Usinawe uso, macho hayatakusamehe. Usikae muda mrefu hata kama unasikia raha, na ukitoka jisuuze kwa maji baridi yasiyo na magadi kabla ngozi haijakauka. Vua viatu vyako vizuri uvae makatambuga au yeboyebo, kwa kuwa tope lile likikaukia kwenye kiatu halitoki. Na usipake sabuni kwenye chemchemi yoyote, iwe ya moto au baridi. Kuna anayekunywa chini yake, mtu au mnyama.

Maji ya kujisuuza yapo, na ndiyo furaha ya Engare Sero. Mto unatoka kwenye korongo refu, baridi, safi, na unaufuata kwa kupanda ndani ya maji, wakati mwingine hadi kiunoni, kuta za mawe pande zote mbili, mpaka maporomoko. Joto la nje linaachwa mlangoni. Watoto wa kijiji wanaogelea pale. Nilikaa chini ya maji yale hadi meno yakagongana, jambo ambalo asubuhi ya siku hiyo nisingeliamini.

Jioni tulipelekwa kwenye nyayo. Kusini ya ziwa, kwenye majivu ya volkano yaliyoganda kuwa jiwe, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400. Mwenyeji wa Kimaasai ndiye aliyeziona kwanza, na watafiti waliotangaza umri wake mwaka 2016 walisema ziliachwa kati ya miaka 19,100 na 5,760 iliyopita. Mwaka 2020 walichapisha uchambuzi wa kundi moja la watu 17 waliokuwa wakitembea pamoja kuelekea upande mmoja. Kwa vipimo vya nyayo, 14 kati yao wanaonekana kuwa wanawake wazima, na maelezo waliyoyatoa watafiti ni kwamba huenda walikuwa wakitafuta chakula kwa pamoja. Nilichuchumaa kando ya unyayo mmoja. Kidole gumba kimezama zaidi, kisigino kimeteleza kidogo, kama inavyokuwa kwa yeyote anayepita kwenye tope laini akiwa na haraka ya wastani. Siku ileile asubuhi tulikuwa tumepishana na wanawake wakiwa kundi, wameenda kuchota, madumu kwenye punda, wanaongea. Sikuhitaji mtu kunifafanulia.

Linanijia jambo jingine hapa na siwezi kulipita. Kwa miaka mingi imezungumzwa habari ya kuchimba magadi kibiashara, kwanza Natron, ambako mpango ulipingwa sana kwa sababu ya heroe, na baadaye katika bonde la Engaruka, ambako kuna akiba kubwa iliyolala chini. Ajira zinahitajika kule, hilo nililisikia kutoka kwa vijana wenyewe, na siwezi kuja kutoka Tanga kuwaambia wasizitake. Lakini mtu aliyeona tochi za wenye zamu usiku ana swali moja la kumuuliza kila mwenye mpango: maji ya kuendeshea kiwanda yatatoka mto upi, na nani atalala njaa siku zamu yake ikiliwa?

Chemka nitaieleza kwa ufupi kwa kuwa wengi mmeshafika. Unashukia Boma Ng'ombe, unachukua bajaji au bodaboda kwenye njia ya vumbi kupitia Rundugai, na katikati ya ukame unakuta bwawa la buluu chini ya mizizi ya mitini. Maji ni vuguvugu, hayana magadi makali, na vijisamaki vinadonoa miguu. Baada ya Natron mwili unashukuru. Nenda siku za kazi, maana Jumapili pamejaa muziki na chupa za plastiki. Jamaa wanaopenda kuruka majini kwa kamba waulize kwanza wenyeji kina kiko upande gani.

Kilichonisimamisha mimi Chemka ni ramani. Maji ya Engaruka huishia kwenye bonde lisilo na mlango, na ya Natron hivyohivyo. Ya Chemka yanaingia mto Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo ni mto Pangani, unaoendesha mitambo ya umeme ya Hale kabla ya kuingia baharini kwetu. Binamu yangu alisimama ndani ya maji hadi shingoni akahesabu kwa sauti mambo anayoyafanya nyumbani kwa umeme. Tuliwaza pia wavuvi wa Pangani, na wanaolima mpunga kando ya mto, na jinsi sisi wa chini tunavyomlaumu wa juu bila kujua hata anaitwa nani. Yule mama wa ndizi wa Mto wa Mbu alilisema kwa maneno machache kuliko haya.

Kwa anayetaka kwenda: miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu, barabara inapitika na asubuhi kuna ubaridi. Machi hadi Mei usithubutu bila kuuliza madereva, kwa sababu mito ya msimu hukata njia kati ya Engaruka na Engare Sero na gari hulala ng'ambo. Weka pesa taslimu za noti ndogo kwa ajili ya ada za vijiji na mageti ya ushuru, na dai risiti kila mahali, kwa heshima, hata kama karani ana haraka. Mlipe mwongoza wako mkononi mwake. Chaji simu Engaruka.

Sisi tunajipanga kuendelea kaskazini magharibi, juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, kwa Wabatemi, upande wa Digodigo na Samunge. Huko mifereji haijawa magofu. Baraza la wazee liitwalo wenamiji limegawa maji ya chemchemi kwa vizazi vingi, na ninataka kumwona mzee wa wenamiji akiwa kazini, nimuulize kuhusu mwinamo wa mfereji kama alivyonionyesha kijana wa Engaruka kwa kifuniko cha chupa. Binamu ameshaanza kuulizia mabasi ya Loliondo.